Kumfundisha Mtoto Viwakilishi vya Kiingereza: Mwongozo kwa Walimu na Wazazi wa Lamu na Malindi

Mtoto wa Gredi ya Nne pale Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, anaweza kukuimbia viwakilishi, yaani maneno yanayosimama badala ya jina, "I, you, he, she, it, we, they" bila kukosea, kisha ukamwuliza dadake yuko wapi, akakujibu "He is at home." Hajasahau alichofundishwa. Lugha anayoiwazia haijawahi kumtaka aseme kama anayezungumziwa ni wa kiume au wa kike. "Yuko nyumbani" inatosha.

Hapo ndipo pa kuanzia. Kiswahili humbeba mtenda ndani ya kitenzi chenyewe: anapika, tulikwenda, wamelala. Kiingereza humtoa nje, kikampa neno lake, na kikataka ujue mambo manne kumhusu: ni mtu au kitu, ni mmoja au wengi, ni wa kiume au wa kike, na je, anatenda au anatendewa. Makosa mengi ya watoto wetu yanatoka kwenye tofauti hizi, si kwenye uvivu wala uzito wa kichwa. Mtoto wa Malindi anayezungumza Kigiriama nyumbani yuko palepale, kwa sababu Kigiriama nacho hakitenganishi kiume na kike katika nafsi ya tatu, yaani mtu anayezungumziwa. Kwa hiyo kukaririsha jedwali la viwakilishi wiki nzima ni kupoteza wiki. Jedwali liandikwe ubaoni mwishoni kabisa, watoto wakishaweza kulijaza wenyewe kwa mdomo.

Vifaa

Huhitaji kununua mengi. Kata kadi 30 za ukubwa wa kiganja kutoka kwenye katoni za dukani. Kadi 10 chora watu, wavulana watano na wasichana watano, kila mmoja akifanya jambo: anaogelea, anasoma, anateka maji, anapanda punda, anakuna nazi. Kadi 10 chora mnyama mmoja au kitu kimoja: paka, punda, mashua, sufuria, kofia. Kadi 10 za mwisho zichorwe vitu au watu wengi: vikombe vitatu, wavuvi wawili, rundo la maembe. Mchoro usiwe na urembo, uwe unatambulika tu. Ongeza maka peni, makasi, karatasi za kukatwa vipande virefu, na manila moja, ile karatasi kubwa ngumu, ya kuchorea visanduku.

Muda uwe dakika 15 kwa siku, siku nne kwa wiki. Kipindi kirefu cha mara moja kwa wiki hakizai matunda, kwa kuwa viwakilishi ni mazoea ya ulimi, na ulimi huzoea kwa kurudiarudia kidogo kidogo. Robo tatu ya muda huo watoto waseme. Kuandika kuje baadaye. Mtoto akiandika ana nafasi ya kufikiri, hivyo daftari litakuonyesha kwamba anajua ilhali akizungumza anakosea vilevile.

"I" na "you"

Hapa pasiwachukue zaidi ya siku mbili. Watoto wawili wasimame wakitazamana, mmoja ajishike kifuani aseme "I am Kadzo", kisha amwonyeshe mwenzake aseme "You are Kahindi." Tatizo la kawaida ni mtoto kurudisha neno alilosikia: mwalimu anauliza "Are you hungry?" naye anajibu "Yes, you are hungry." Usimweleze kwa maneno mengi. Mkalishe mtoto mkubwa nyuma yake amnong'onezee jibu, naye alitamke kwa sauti. Baada ya maswali matano au sita ataacha kunong'onezewa.

Waambie pia mapema kwamba "you" ni wewe na ni ninyi. Mtoto aliyezoea kutofautisha "unakuja" na "mnakuja" hutafuta neno la pili la Kiingereza, na asipolipata hutunga "yous". Mwambie wazi kuwa hakuna.

"He", "she" na "it"

Hiki ndicho kiini cha kazi, kipe wiki mbili kamili.

Tandika mkeka, weka vikapu vitatu. Cha kwanza kina kadi ya neno "he", cha pili "she", cha tatu "it". Mtoto achukue kadi ya picha, aseme sentensi nzima, "She is swimming", ndipo aitie kwenye kikapu. Asiyesema sentensi asiruhusiwe kutia kadi. Kutia kadi kimya kimya hufanywa na jicho peke yake, na jicho halikosei. Kinachokosea ni ulimi.

Siku nne za kwanza kadi zitoke polepole. Kuanzia wiki ya pili ongeza kasi: wewe taja kwa Kiswahili tu, "Anasoma!", huku ukiinua kadi, naye ajibu kwa Kiingereza kabla hujahesabu tatu. Hilo ndilo zoezi linalofanana na mazungumzo ya kweli, kwa kuwa mtoto anasikia "a-" isiyo na jinsia na inambidi aangalie mtu mwenyewe ndipo achague neno. Tumia majina ya mtaani kwao: Fatuma, Swaleh, Mwanaisha, Athman, Katana, Sidi. Majina ya vitabuni kama John na Mary hayamsaidii, kwani hayo ameshayakariri pamoja na viwakilishi vyake.

Watoto wengi wa Lamu wana hazina ambayo walimu wa shule huisahau: wanasoma madrasa. Aliyefundishwa Kiarabu hata kidogo anazijua "huwa" na "hiya", na amesikia "kitabuhu" na "kitabuha". Maana yake swali la kiume au la kike analo tayari, ila amelifungia ndani ya Kiarabu. Mwambie "he" ni ndugu yake "huwa" na "she" ni ndugu yake "hiya", utaona uso unavyofunguka. Mwekee mpaka mmoja tu: Kiarabu hugawa hata vitu visivyo na roho, ndiyo maana jua huitwa "hiya", lakini kwa Kiingereza jua ni "it", na kalamu, meza na mwezi ni "it" pia. Malindi wako watoto waliookota Kiitaliano ufuoni na kwenye maduka ya watalii, nao wanazijua "lui" na "lei". Zitumie vivyo hivyo, ila kwa viwakilishi vya umiliki Kiitaliano kitawapotosha, kama tutakavyoona.

Mnyama ana mtego wake. Kwa Kiswahili punda huchukua "a-" kama mtu: punda amechoka, paka amelala. Mtoto akisema "The donkey is tired. He wants water," amekifuata Kiswahili. Mfundishe kwanza kwamba mnyama ni "it". Akishashika, mweleze kwamba mwenye punda wake anayemjua kwa jina anaweza kumwita "he" au "she", na hilo ni sahihi. Ukianza na ruhusa kabla ya kanuni, utamchanganya.

"It" nyingine haina kitu nyuma yake. Sisi husema "mvua inanyesha", basi mtoto husema "The rain is raining." Husema "Is hot" kwa sababu "kuna joto" haina mtenda wa kumtafsiri. Wape sentensi sita zilizo tayari wazizoee zima zima: "It is raining. It is hot. It is late. It is far. It is four o'clock. It is Friday." Zitumie kila siku darasani, hali ya hewa asubuhi na saa wakati wa kutoka, wala usiingie katika maelezo ya sarufi.

Na kama mtu hajulikani? Viatu vimesahauliwa mlangoni na hakuna ajuaye ni vya nani. Kiingereza husema "Someone has left their shoes," na "their" hapo ni ya mtu mmoja. Subiri watoto wawe imara katika "he" na "she", takriban wiki ya tano, ndipo uwape hii.

Mtoto anapokosea katikati ya hadithi yake, usimkate. Akisema "My sister he went to Shela," itikia tu, "Oh, she went to Shela? And then?" Mtoto anayekatwa kila sentensi hujifunza kunyamaza.

Kisanduku kimoja, mtenda mmoja

Katika mfano huo wa dada na Shela mna kosa la pili: jina na kiwakilishi vimekaa pamoja. Chanzo chake ni kwamba "dada yangu a-likwenda" ina "a-" ndani, na mtoto anaitafsiri kila herufi kwa uaminifu. Kosa hili hudumu hadi shule ya upili lisiporekebishwa mapema.

Chora visanduku vitatu kwenye manila, kila kimoja sentimita 20 kwa 15. Cha kwanza ni cha mtenda, cha pili cha kitenzi, cha tatu cha kinachobaki. Andika kadi "My sister", "She", "went" na "to Shela". Mtoto apange. Kisanduku cha kwanza kinaingia kadi moja tu. Akitaka kuweka "She", lazima aiondoe "My sister" kwa mkono wake. Fanya hivyo kwa sentensi kumi na kadi tofauti. Kosa la kinyume, la kukiacha kisanduku wazi, "Is sleeping", hutibiwa na manila hiyohiyo: kisanduku kikiwa wazi sentensi haisomwi.

"They" si ya watu tu

Kwetu "wao" hutumika kwa watu na wanyama. Vikombe haviitwi "wao". Kwa hiyo mtoto husema "they" kwa wavuvi bila taabu, lakini akionyeshwa vikombe vitatu vilivyovunjika husema "It is broken." Sasa leta zile kadi 10 za wengi, ongeza kikapu cha nne chenye neno "they", na changanya: kikombe kimoja, vikombe vitatu, mvuvi mmoja, wavuvi wawili. Kanuni ni nyepesi, na watoto huipenda kwa wepesi wake: wakizidi mmoja, kiwe kitu, mnyama au mtu, ni "they". Siku tatu zinatosha.

Makasi na vitenzi: "I" na "me", "they" na "them"

Vitabu vingi huanza hapa kwa maneno ya mtenda na mtendewa, na watoto hupotea. Kiswahili kimeshawafundisha jambo hili tangu wakiwa wadogo, kwani hakuna mtoto anayechanganya "nilimwona" na "aliniona". Mfanye aone anachokijua.

Kata vipande 12 vya karatasi, urefu wa sentimita 20. Juu ya kimoja andika kwa herufi kubwa WALITUITA. Mpe mtoto makasi akate: WA, LI, TU, ITA. LI iwekwe kando, hiyo ni ya wakati, na Kiingereza kitaimeza ndani ya "called". Sasa ITA ikae kisanduku cha katikati juu ya manila, WA kisanduku cha kwanza, TU kisanduku cha tatu. Juu ya kila kipande aweke kadi ya Kiingereza: "They", "called", "us".

Kisha mpe TULIWAITA. Vipande ni vilevile, WA na TU vimebadilishana nafasi tu, lakini Kiingereza sasa ni "We called them." Mwache aziangalie sentensi mbili kwa pamoja bila wewe kusema kitu. TU ikikaa kwanza ni "we", ikikaa mwisho ni "us". WA ikikaa kwanza ni "they", ikikaa mwisho ni "them". Fuata na NILIMWONA na ALINIONA, atapata "I" na "me". Mpe picha pia, ajue anayeonwa ni wa kiume au wa kike, achague "him" au "her". ULINISAIDIA na NILIKUSAIDIA zitamwonyesha kwamba U na KU zote ni "you". Mwisho NILIKISOMA na NILIVISOMA: KI ni "it", VI ni "them".

Mambo mawili huharibika. La kwanza, mtoto hufuata mpangilio wa vipande na kusoma "They us called". Ndiyo maana visanduku vya manila ni vya lazima; usifanye zoezi hili hewani. La pili ni kubwa zaidi: kumwacha mtendewa kabisa. Kwa Kiswahili ukiulizwa "Umeleta kitabu?" unajibu "Nimeleta," na hakuna kilichopungua. Mtoto anajibu "I have brought," na sentensi ya Kiingereza inabaki imekatika. Kwa wiki nzima uliza maswali ya namna hiyo, "Did you bring the pencil? Did you close the door?", na jibu lisipokelewe mpaka liishe na "it" au "them".

Panapokuwa na watu wawili, Kiswahili huanza na "mimi": mimi na Athman tulikwenda. Kiingereza cha shule hutanguliza mwenzako, "Athman and I went." Kipimo cha kuchagua "I" au "me" ni kufunika jina la mwenzako kwa kidole. "Me went" haisomeki, basi ni "Athman and I". "She called I" haisomeki, basi ni "Athman and me". Chunga pia "tulikwenda na Athman". Kwetu mara nyingi maana yake ni watu wawili, mimi na yeye. Lakini "We went with Athman" kwa Kiingereza ni watu watatu au zaidi. Mwalimu anayesahihisha insha asipolijua hili, hataona kosa kwa sababu sentensi yenyewe haina dosari ya sarufi. Mwulize mtoto mlikuwa wangapi.

"My", "mine", na kaka wa Fatuma

Kiswahili hutazama kinachomilikiwa: kitabu chake, vitabu vyake, kofia yake. Kiingereza humtazama mwenyewe. Kwa hiyo mtoto huangalia upande usiofaa. "Swaleh na dada yake" inakuwa "Swaleh and her sister", kwa sababu dada ni wa kike. "Fatuma na kaka yake" inakuwa "Fatuma and his brother". Anayejua Kiitaliano ndiye mwenye hatari zaidi hapa, maana "suo" na "sua" hufuata kitu au mtu anayemilikiwa, si mmiliki. Wa madrasa yuko salama: "ukhtuhu" ni dada wa mwanamume, "akhuha" ni kaka wa mwanamke, na "his" na "her" hufuata njia hiyohiyo.

Zoezi: mtoto aweke kidole juu ya jina la mwenye kitu kabla ya kusema "his" au "her". Kidole kwa Swaleh, "his sister, his kofia, his books". Kidole kwa Fatuma, "her brother, her cat, her father". Mifano mingi iwe ya jamaa wa jinsia nyingine, kwa kuwa mifano kama "Swaleh and his brother" haipimi chochote.

"Changu" hutumika kotekote, kitabu changu na hiki ni changu, ndiyo maana watoto husema "This is my." Wape ishara moja: jina la kitu likifuata ni "my", lisipofuata ni "mine". Vivyo hivyo "your" na "yours", "her" na "hers", "our" na "ours", "their" na "theirs". "His" haibadiliki. Maneno haya hayana kistari cha juu, na "its" ya umiliki haina pia. Chenye kistari, "it's", ni "it is" au "it has" iliyofupishwa. Mwambie ajaribu kuisoma ndefu, na ikikataa akitoe kistari.

"Myself" na "each other"

Tena Kiswahili kina jibu. "Ji" katikati ya kitenzi huelekea "myself, himself, herself, themselves", na "-ana" mwishoni huelekea "each other". Wanajitazama kwenye kioo, "They are looking at themselves." Wanatazamana, "They are looking at each other." Watoto wawili wafanye vitendo hivyo mbele ya darasa, mara moja na kioo, mara moja bila. Ila si kila "ji" huvuka: nimejifunza ni "I have learned", amejificha ni "he is hiding", hazihitaji chochote zaidi. Na "hisself" na "theirselves" hazipo, ingawa zinaonekana kama zinafuata kanuni.

Kupima, kisha kuandika

Pima kila hatua kwa picha 10 zisizowahi kutumika, kwa mdomo, mtoto mmoja mmoja. Anayepata nane aendelee. Chini ya hapo rudi kwenye kikapu au manila kwa siku mbili zaidi, hata kama wenzake wamevuka. Usipime "his" na "her" siku moja na "he" na "she"; hutajua kosa limetoka wapi. Kazi yote huchukua wiki sita hadi nane kwa mtoto wa Gredi ya Tatu au ya Nne.

Hapo ndipo waandike. Wape insha fupi ya sentensi nane kuhusu watu wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, mathalani Fatuma na babu yake wakienda sokoni. Jina litangulie, kiwakilishi kifuate, na kila aya mpya ianze tena na jina. Baada ya wiki mbili wape wavulana wawili, Swaleh na Athman, kazi ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu kila "he" inaweza kuwa ya yeyote kati yao. Mtoto achore mstari kwa penseli kutoka kila kiwakilishi hadi kwa mwenyewe. Akifika kwenye "he" ambayo mstari wake unaweza kwenda pande zote mbili, aifute na aandike jina.